Mistari Mitatu ya Bimdogo

Bimdogo binti Abdulswamad alianza kuandika siku zake akiwa na miaka sabini na miwili, na kilichomwanzisha ni aibu. Wapo watu wanaoanza jambo hili mwaka mpya unapoingia. Wananunua daftari zuri lenye jalada gumu, wanaandika wiki moja kwa mbwembwe, wiki ya pili wanachoka, ya tatu daftari linakuwa la namba za simu. Yeye hakuwa na nafasi ya kuchoka. Kila asubuhi, akishamaliza sala ya alfajiri, alitoka chumbani kwake pole pole, akafika jikoni, akamwuliza bintiye Lulu, "Baba yako keshakunywa chai?"

Na kila asubuhi Lulu aliacha alichokuwa akikifanya, akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia kwamba baba alifariki, mama, mwaka wa tatu huu. Ulikaa eda ndani ya nyumba hii hii, miezi minne na siku kumi.

Hapo mama huangua kilio. Wala hakikuwa kilio cha kukumbushwa. Kilikuwa cha mtu aliyepata habari sasa hivi. Atauliza Haji aliugua nini, nani alimwosha, watu wa Pangani wamepelekewa habari au bado. Lulu ni mwalimu wa shule ya msingi, na saa moja na nusu anatakiwa awe mbele ya darasa. Atasimama mlangoni na mkoba begani, mara amshike mama, mara aitazame saa. Ikifika saa nne kilio kimekwisha, na Bimdogo anabaki na uzito kifuani asioujua umetoka wapi. Kesho yake anaamka, anasali, anatoka, anauliza kama baba yake Lulu keshakunywa chai.

Siku moja alimsikia Lulu uani akizungumza kwa simu na kaka yake Muzammil, anayeishi Kerege. Akili ya Bimdogo ilikuwa na saa zake, na saa ile ilikuwa imetulia. Alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta akichambua mchele.

"Kaka, mimi nimechoka," Lulu alisema. "Nimechoka kumuua baba kila siku."

Bimdogo akaacha mchele. Alielewa yote kwa mara moja, kwamba ameshauliza, tena si mara moja wala mara kumi, na kwamba kila alipouliza mtoto wake alilazimika kuyatamka maneno yale. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Tangu siku ile hakuwa na haja nyingine duniani ila hiyo moja: asiulize tena.

Wiki ile ile walikwenda kliniki. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Klementina, mama mnene mwenye sauti ya upole, na alikuwa na tabia ya kuvuta kiti akakaa goti kwa goti na mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nani huyu aliyekuleta?"

"Binti yangu," alijibu Bimdogo. Jina hakulitaja, kwa sababu jina halikuja.

Klementina aliandika kitu, kisha akamgeukia Lulu na kusema naye waziwazi. Alimwambia ugonjwa ule haurudi nyuma, asije akadanganywa na mtu wala na dawa za kutangazwa redioni. Unakwenda mbele tu, na kazi yao ni kuuchelewesha kadiri Mungu atakavyojalia.

"Lakini aandike," alisema. "Kila siku, saa ile ile, mahali pale pale. Mistari mitatu inatosha: leo siku gani, nani kaja, na jambo gani hataki limtoke. Asubuhi asome kabla hajasema na mtu."

"Mama hajui kuandika, sista," Lulu alisema. "Kusoma anasoma Kurani tu. Labda nimwandikie mimi."

Bimdogo alitazama ndara zake.

Hajui kuandika! Hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana Lulu wa watu hakusema uongo, alisema alichoambiwa. Baba yake Bimdogo alikuwa maalim wa chuo cha Kurani kule Pangani. Alifundisha watoto wote wa mtaa kusoma msahafu, wa kike kwa wa kiume, lakini kuandika alifundisha wa kiume peke yao. Mtoto wa kike wa kuandika wa nini? Amwandikie nani? Ndivyo walivyosema wazee wa wakati ule, na waliosema hivyo walijiona wana akili sana. Bimdogo alijifunza kwa kuchungulia ubao wa kaka yake Ausi. Akachora herufi mchangani nyuma ya jiko, akazifuta kwa unyayo kila aliposikia kikohozi cha baba. Siku aliyofumwa alichapwa bakora ambayo aliikumbuka hata alipokuwa amesahau njia ya sokoni.

Alipoolewa Bagamoyo, akapata mtu mmoja wa kumwandikia. Haji alikuwa fundi wa mashine za boti katika chuo cha uvuvi cha Mbegani, na kila chombo kilipotoka na wanafunzi kwenda Mtwara au Mafia, naye alitoka nacho, wiki tatu, mwezi. Bimdogo alimpelekea barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Haji akazijibu kwa herufi hizo hizo, na zilipokuwa zimesomwa zilichomwa. Hakukuwa na siri yoyote ndani yake, ila mazoea ya kuficha yalikuwa yameshaota mizizi.

Halafu kuna siku ya karani. Lulu alikuwa mtoto wa kushikwa mkono, na walikuwa wamekwenda ofisi fulani kuandikisha kiwanja. Karani akampa Bimdogo kalamu atie sahihi. Akaandika jina lake kutoka kulia, kwa mwandiko wa kunyooka, na nukta zake zote mahali pake. Karani akaigeuza karatasi huku na huku, akacheka, akawaita wenzake nao waje wacheke. "Mama, hapa tunataka uandike, hatutaki uchore. Lete dole." Wakampaka wino. Walipokuwa njiani kurudi, Lulu akamwuliza, "Mama, kwani wewe hujui kuandika?" Akajibu, "Sijui." Jibu hilo moja akaishi nalo miaka thelathini na mitano, na mtoto aliyelipokea akakua, akasoma, akawa mwalimu, asiwe na sababu ya kulitilia shaka.

Basi Lulu alinunua daftari la jalada gumu, na jioni, akishasahihisha kazi za wanafunzi, alimwandikia mama siku yake. Leo mama amekula wali na dagaa. Leo mama ameoga mwenyewe. Leo mama alikuwa na furaha. Aliandika kama anavyojaza ripoti ya mwisho wa muhula, kwa moyo safi, kisha akasoma kwa sauti na Bimdogo akaitikia naam. Asubuhi daftari lilikuwa pale juu ya meza. Bimdogo alilifungua, akaona mistari imelala kutoka kushoto, haimwambii kitu. Akatoka kwenda jikoni, akauliza habari ya chai.

Wiki ya tatu, katika saa zake nzuri, alifanya uamuzi. Chumbani kwake kulikuwa na kasha la mvule alilokuja nalo kutoka Pangani siku ya harusi, na ndani yake mlikuwa na msahafu, juzuu kuukuu, na kitabu cha marehemu baba yake chenye jalada la ngozi. Nusu ya kitabu hicho ilijaa dua kwa mkono wa maalim, nusu ilikuwa karatasi tupu ambazo mauti hayakumpa muda wa kuzijaza. Kasha hilo Bimdogo alilifungua kila alfajiri kwa miaka hamsini na miwili ili atoe msahafu. Angeweza kusahau jina lake, lakini miguu ingempeleka kwenye kasha. Akachukua kalamu ya bluu ya Lulu, akakaa chini, akaandika kwenye karatasi tupu ya kwanza:

"Bismillahi Rahmani Rahimi. Bimdogo, Haji amefariki. Umemkalia eda, umetoka. Usimwulize Lulu. Lia hapa hapa, kisha nawa uso, utoke."

Akaweka kipande cha uzi kati ya kurasa, akakiweka kitabu juu ya msahafu ili asiweze kuushika msahafu kabla hajakishika.

Kesho yake alfajiri alikisoma. Alilia mdomo ukiwa ndani ya kanga, bila sauti, kwa muda unaotosha chai kuchemka. Akanawa uso. Akatoka hadi jikoni, akasema, "Umeamkaje, mwanangu?"

Lulu alisubiri swali. Swali halikuja. Mama akavuta kigoda, akaomba mkate.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ulikuwa mwezi wa Mfungo Tano, na ikaendelea miezi sita. Msidhani alipona. Kila asubuhi mume wake alikufa upya, sawasawa na zamani, tofauti ni kwamba sasa alifiwa peke yake na mlango umefungwa. Aliona ni bei ya haki. Mchana, Lulu akiwa shule, alikaa tena mbele ya kasha na kuandika mistari yake mitatu. Kabla ya mistari hiyo aliyanakili yale maneno ya kwanza, kila siku, Bismillahi mpaka utoke, ili popote uzi utakapofunguka ayakute.

Mengine aliyoyaandika yalikuwa madogo. "Jumanne. Kaja Tatu, jirani wa mlango wa bluu, kaleta mihogo. Nimemwita kwa jina, hakujua kwamba nimelisoma humu." "Alhamisi. Choo ni mlango wa pili, si wa kwanza. Leo nimeingia stoo." "Jumamosi. Haji mikono yake ilinuka dizeli hata siku ya Idi. Hili usikubali likutoke." Na kuna ukurasa mmoja alioukunja pembe ili aurudie: "Mwanamke anayekupa chai ni Lulu. Ni mwanao wa mwisho. Mwite kwa jina lake, anafurahi."

Kumwambia Lulu? Alifikiria. Mara mbili alifungua mdomo. Lakini mtu aliyesema sijui kwa miaka thelathini na mitano aanzie wapi? Na angesema angetakiwa aonyeshe, na kitabu kingesomwa, na Lulu angejua kwamba kuna asubuhi mama yake anahitaji kuandikiwa kwamba yeye ni mwanawe. Bimdogo akafunga mdomo.

Walipokwenda tena kliniki, Klementina alimwuliza leo siku gani. "Jumatatu," alisema Bimdogo bila kusita. Na huyu? "Lulu, mwanangu wa mwisho." Lulu machozi yakamlengalenga.

"Mnaandika?" aliuliza Klementina.

"Kila siku, sista. Sijaruka hata moja," alisema Lulu, na kwa upande wake ilikuwa kweli.

Klementina alifurahi, lakini hakulirudisha nyuma neno lake la mwanzo. Na kweli ugonjwa ulikuwa kazini. Kuanzia Rajabu herufi za Bimdogo zikaanza kuwa kubwa, mistari mitatu ikawa miwili, maneno mengine yakakatika katikati. Zipo siku aliandika yale maneno ya juu tu, akakaa na kalamu mkononi mpaka akasahau ameishikia nini. Maneno ya juu hayakupotea. Mkono wenyewe ulishayajua.

Shaabani ilipoingia akapatwa na homa ya mapafu, wakamlaza hospitali siku kumi na moja. Haya yafuatayo yalitokea nyumbani yeye akiwa kitandani kule, na walioyatenda walikuwa watoto wake wanaompenda. Hilo lisisahaulike, maana ningependa sana kumpata wa kumlaumu na simwoni.

Muzammil alikuja kutoka Kerege na ndoo za chokaa. Ramadhani ilikuwa karibu, nyumba yao ya mtaa wa Dunda ilikuwa haijapakwa tangu msiba, na alitaka mama akirudi akute kuta nyeupe. Walipolisogeza kasha, mguu mmoja ukabaki sakafuni. Mchwa walikuwa wamepanda kutokea chini, wamekula ubao, wamekula juzuu zote kuukuu, wamefika kwenye kitabu cha ngozi. Msahafu ulipona kwa kuwa Lulu alikuwa ameupeleka hospitali.

"Kitabu cha babu hiki," Lulu alisema. Alikiokota kwa mikono miwili, udongo ukamwagika. Jalada lilikuwa limetoboka, pembe zote zimeliwa. Alikifungua mwanzo, akaona dua za maalim. Akafungua nyuma kidogo, akaona kurasa nyingine, zote zimeanza na Bismillahi, na chini yake maandishi yasiyo na irabu. Lulu alisoma Kurani yenye irabu zake, taratibu, kama alivyofundishwa utotoni, lakini herufi zilizo tupu zilimshinda. Aliona wino wa bluu. Ulimpita machoni, akadhani babu naye alikuwa na kalamu ya bluu.

"Dua hizi," alisema. "Kila ukurasa una Bismillahi."

"Basi mama asikione," alisema Muzammil. "Kitabu cha baba yake kuliwa na mchwa, na hali yenyewe hii? Tutamvunja moyo bure. Tukistiri inavyotakiwa."

Watu wa pwani tunajua inavyotakiwa. Karatasi zenye jina la Mungu hazitupwi jalalani wala hazifungiwi vitumbua. Huzikwa pahala pasipokanyagwa, au hupelekwa bahari ya kina. Muzammil alitawadha. Alivikusanya vipande vyote vya juzuu pamoja na kitabu, hakuacha hata kipande cha ukubwa wa kucha. Akavifunga ndani ya kitambaa cheupe cha bafta pamoja na jiwe, akaenda Mbegani kwa mvuvi mmoja aliyefahamiana na marehemu baba yao. Saa tano mchana, jua likiwaka, wakatoka kwa chombo cha mvuvi, wakalipita tope la ufukweni hadi penye maji ya kina. Akasoma Fatiha, akauachia mzigo. Alirudi nyumbani amepata utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu. Jioni akanunua sanduku jipya la bati, la kijani, ambalo mchwa hawaliwezi, na msahafu mpya wa herufi kubwa.

Bimdogo alirudi amekonda, akazisifu kuta. Alfajiri ya kwanza Lulu alisikia vitu vikigongwa chumbani, akaingia. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, amekitoa kila kitu, na mikono yake inapapasa bati tupu, pembe hadi pembe.

"Unatafuta nini, mama?"

"Sijui."

"Msahafu huu hapa. Mpya, una herufi kubwa."

"Si huo."

"Basi nini?"

"Sijui, mwanangu. Kulikuwa na kitu hapa kikiniambia." Akapapasa tena, akavitazama viganja vyake. Kisha akainua uso, na sura yake ikalainika, ikawa ya kila siku. "Baba yako keshakunywa chai?"

Lulu alikaa chini pale pale sakafuni. Miezi sita! Alikuwa ameshatoa sadaka, ameshafunga Jumatatu na Alhamisi za shukrani. Akasema alichotakiwa kusema, na kilio kikaanza, cha sauti safari hii, kilichomfikia Tatu mlango wa bluu.

Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Bimdogo alikuwa amedhoofika, na kilio kilimwachia kikohozi kilichomkunja mpaka mchana. Siku ya tisa akatapika damu kidogo. Muzammil akasema kwenye simu, "Lulu, mwambie kasafiri. Mungu anajua nia yako."

"Sijapata kumdanganya mama."

"Basi endelea kumuua."

Siku ya kumi Bimdogo aliuliza, na Lulu, akiwa ameipa sufuria uso na mama mgongo, akasema, "Kaenda Pangani, mama. Kwa mjomba Ausi. Atarudi Ijumaa."

"Alhamdulillahi," alisema Bimdogo. "Mbona hakuniaga?"

"Ulikuwa umelala."

Bimdogo aliinamisha kichwa akiwaza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake, "Nipe kalamu."

Lulu akampa kalamu na lile daftari la jalada gumu, akidhani anataka kitu cha kushika. Bimdogo aliligeuza, nyuma ikawa mbele. Akafungua ukurasa safi, akaanza kuandika, kutoka kulia, herufi kubwa zinazotetemeka lakini zimeshikana, na nukta zake akazirudia moja moja mwishoni. Hakujificha. Ugonjwa ulikuwa umekula mengi, na katika mengi hayo ulikuwa umemla karani na bakora na haya zote za miaka sabini. Aliandika jikoni, mbele ya mwanawe, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karani.

"Mama," alisema Lulu. "Umejua lini kuandika?"

"Tangu mtoto. Kwani hujui? Baba yangu alinichapa kwa ajili hii."

"Umeandika nini?"

Bimdogo aliweka kidole kwenye mstari, akasoma. "Bismillahi Rahmani Rahimi. Bimdogo, Haji kaenda Pangani kwa Ausi. Atarudi Ijumaa. Usimwulize Lulu. Mtoto anachoka."

Lulu alitazama wino. Alitazama Bismillahi ilivyokaa juu ya ukurasa, na chini yake herufi zisizo na irabu. Aliutambua mwandiko ule aliokuwa ameushika mkononi mwake siku ya chokaa, ukurasa kwa ukurasa, akauita wa babu. Alitoka uani, akampigia kaka yake.

"Kaka, kile kitabu hakikuwa cha babu."

Muzammil hakuuliza kitabu gani. Alisikika akivuta pumzi, kisha simu ikakatika, na haikujulikana nani aliyeikata.

Usiseme kwamba Lulu hakujaribu. Kesho yake mama alitoka chumbani ametulia, hakuuliza kitu, akaomba chai. Lulu akamkalia mbele, akamshika mikono, akamwambia, "Mama, jana nilikudanganya, nisamehe. Baba alifariki. Ulikuwa unajua. Ulijiandikia mwenyewe, na sisi tukakipoteza kitabu chako."

Bimdogo alimwangalia kwa mshangao, halafu kwa hasira. Alikwenda chumbani, akarudi na daftari, akalifungua alipoweka uzi.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wako, mama."

"Umeandikwa na mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi. Mtoto gani wewe wa kumzulia baba yako kifo?" Siku ile hakukubali kupokea chakula mkononi mwa Lulu, mpaka Tatu akaja kumlisha.

Kuuchana ukurasa kulikuwa jambo la dakika moja. Lulu aliushika, akaanza kuuvuta, akasikia uzi wa daftari unalegea, akauachia. Alikuwa ameshatupa maneno ya mama yake mara moja, na mkono haukukubali mara ya pili. Na bado, hata angeuchana, Bimdogo alikuwa ameshaanza kunakili. Kila siku juu ya ukurasa mpya, Bismillahi, Haji kaenda Pangani, atarudi Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza Bimdogo alioga mapema. Alivaa gauni la zari, akajifukiza udi, akaagiza samaki wa kupaka, akakaa sebuleni ameelekea mlango. Alikaa mpaka magharibi. Samaki alipopoa, hofu ikamwingia kwamba gari limepinduka Msata, kwamba Haji yuko njiani anavuja damu na hawa watoto wanamficha. Walimshika watu watatu asitoke kwenda kumtafuta. Lilikuwa baya kuliko asubuhi zote za kilio, kwa sababu kilio kilikuwa na mwisho wake saa nne.

Sasa Lulu ameomba ruhusa shuleni, kila Ijumaa anakuwa nyumbani. Yeye mwalimu, ambaye kazi yake ya kwanza kila siku ni kuandika tarehe ubaoni na kuwafanya watoto arobaini na tano waitamke. Asubuhi huificha kalenda ya ukutani. Ikikaribia saa saba hufunga madirisha ya upande wa msikitini, joto liwe liwavyo. Bimdogo hukaa kwenye kiti chake na daftari magotini, amedhoofu, macho yake hayamfuati mtu kwa muda mrefu, lakini uzi wake haumpotei.

"Leo siku gani, mwanangu?" Jina la Lulu halimjii tena, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayempa chai ndiye Lulu.

"Alhamisi, mama."

"Mbona nasikia hotuba ya Ijumaa?"

"Ni redio ya Tatu hiyo."

Bimdogo anaitika. Anashika kalamu, anainama, anaandika pole pole, akiyatamka maneno kwa sauti ndogo asije akakosea: leo Alhamisi, kesho Haji anarudi.